Chini ya Shuka

Chini ya shuka dunia yangu ni viatu.
Buti za Meirion,
raba za bintiye Nest, kamba moja imefunguka,
na theluji ambayo si theluji hasa,
ni mvua iliyoshindwa kuamua.
Mkono wangu umeshika uzi.
Nikivuta, taya linagonga: kwa! kwa!
na mbwa wa bonde zima wanajua
Mari Lwyd amefika, Mari wa Kijivu.

Kichwa hiki kilikuwa cha farasi wa mgodini.
Jua aliliona wiki mbili kwa mwaka, likizo ya wachimbaji,
akasimama malishoni
kama mgeni asiyeonyeshwa pa kuketi.
Alipokufa wakamfukia kwenye chokaa,
wakamfukua mweupe,
wakampa macho ya vitako vya chupa, masikio ya kitambaa.
Mchungaji akasema ni ushetani.
Mgodi ukafungwa. Kanisa likawa duka la mazulia.
Farasi bado anatembea.

Tunabisha kwa ubeti, wenye nyumba wajibu kwa ubeti.
Anayeishiwa kashindwa.
Tukishinda tunaingia, tunakula.
Wakishinda tunarudi na baridi yetu.

Kwa Eluned tumepita kimya miaka mitatu.
Idwal ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba ile,
na Idwal yuko kilimani, upande wa makaburi mapya.
Lakini usiku huu taa ya mlangoni inawaka.
Meirion anakohoa, anaanza:

*Hodi hodi wa nyumbani, baridi inatuuma,*
*Farasi yu mlangoni, mifupa inatetema,*
*Tupeni bia mezani, na mkate wa kuchoma,*
*La, hamtaki, jibuni, kwa beti zilizo njema.*

Kimya.
Nahesabu pumzi zangu, zinanuka pamba na vitunguu.
Kisha, nyuma ya mbao, sauti kavu:

*Farasi asiye nyama, bia ataweka wapi?*
*Tumbo lake lilihama, kwato zake nazo zipi?*
*Na wewe unayehema, beti zako mbona fupi?*
*Rudini kwenu mapema, humu hamli makapi!*

Nest anacheka hadi anashika ukuta.

Wakaendelea. Raundi ya tatu, ya tano.
Akamsuta Meirion kwa ngazi aliyoazima asirudishe,
akanisuta na mimi, huyo wa ndani ya shuka,
anayeleta barua za Jumatatu siku ya Alhamisi.
Yote kwa lugha ambayo bibi yake
alivikwa kibao shingoni shuleni
kwa kosa la kuitamka.

Raundi ya nane Meirion akafungua kinywa
na ukatoka mvuke tu.
Sote tulijua. Zamu ilikuwa yake kutumaliza.

*Sikilizeni la mwisho, ninyi mlio gizani,*

akasema, akanyamaza.
Tukasubiri. Mvua ikaamua kuwa theluji.
Halafu ufunguo.
"Nimesahau," akasema. "Mmeshinda.
Ingieni upesi, mnanimalizia joto."

Nikaona ndara zake za sufi,
na kando yake viatu vya mwanamume,
vimepigwa rangi, kamba zimefungwa,
vimeelekezwa mlangoni.

Keki ilikuwa nzito, bia vuguvugu.
Nilipovua shuka nikaiona mezani, chini ya birika,
bili ya umeme ya miaka mitatu nyuma.
Mgongoni beti zimejaa, mwandiko wake unaolala,
na chini kabisa mistari minne iliyosimama wima,
ya mtu aliyekandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Sikuisoma. Aliniona nisivyoisoma.

Akaikunja mara mbili,
akaitia kati ya meno ya farasi,
akauchukua uzi mkononi mwangu, akavuta.
Kwa!
"Haya, peleka," akaniambia.
"Si wewe ndiye wa barua?"